Joto Lisilokuwa Malaria

Nilikuwa na sifa moja pale hospitalini Eldoret, na niliipenda kuliko koti langu jeupe. Watu walisema Dresa Koros anaijua malaria mgonjwa akiwa bado mlangoni. Kweli, nilikuwa nikimwona mtu amejikunja ndani ya koti, macho mekundu, naanza kuhesabu vidonge kabla hajakaa kwenye benchi. Mara nyingi nilipatia. Ndiyo maana siku nilipokosea, nilikosea kwa muda mrefu.

Nyinyi vijana mnaoanza uuguzi sasa hamkuwahi kumwona dresa, kwa hiyo niwaeleze. Dresa alikuwa mtu aliyefundishwa kuosha vidonda na kufunga bandeji. Basi. Lakini daktari alikuwa mmoja na foleni ilifika getini, kwa hiyo ukijua kusoma lebo ya chupa ulijikuta unatibu kikohozi, minyoo, na ng'ombe wa jirani siku ya Jumapili. Wagonjwa walituita daktari, na sisi hatukuwasahihisha. Mimi nilitoka Cheptiret nikiwa na viatu vya kuazima, na ndani ya miaka michache nilikuwa nikiitwa daktari na wazee wa rika la baba yangu. Kichwa kilivimba kidogo. Nakiri.

Mama Njoroge alikuja kwangu mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya sabini. Jina lake la ubatizo lilikuwa Tabitha. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, mwembamba, anasimama wima kama mtu anayebeba mtungi. Yeye na mumewe walikuwa wametoka Mkoa wa Kati baada ya uhuru, wakati wazungu wengi walikuwa wakiuza mashamba na kwenda zao, na watu walikuwa wakijiunga kwa makundi kununua. Kundi lao lilinunua shamba upande wa Yamumbi. Mumewe alifungua duka. Yeye alilima kabichi na kuziuza sokoni mjini, na hisa ya shamba iliandikwa kwa jina lake, kwa sababu siku ya kuandikisha mume alikuwa bado hajahamia huku.

"Daktari," aliniambia, "mwili unawaka. Halafu natoa jasho kama mtu ametoka mtoni. Halafu nasikia baridi."

"Kichwa kinauma?"

"Kinauma kwa kukosa usingizi."

Joto, jasho, baridi, kichwa. Ungesema nini? Nilimpa klorokwini, nikamwambia akamilishe dozi.

Alikuwa amekuja na barua. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amepelekwa hospitali ya mbali, akapasuliwa titi la kushoto kwa sababu ya saratani. Barua ilikuwa ya Kiingereza, karatasi mbili zimebanwa pamoja, na aliitunza ndani ya Biblia. Nilisoma ukurasa wa kwanza: saratani ya titi, limeondolewa, kidonda kinapona vizuri. Nikaangalia kovu. Lilikuwa zuri, mshono wa mtu anayejua kazi. Nikakunja barua nikamrudishia.

Sikugeuza ukurasa.

Alirudi baada ya wiki mbili, nikampa dozi nyingine. Aliporudi mara ya tatu, mikono ilikuwa na alama za kujikuna kutoka begani hadi vidoleni, maana klorokwini iliwawasha watu wetu wengi vibaya sana. "Hii dawa inanila ngozi," alisema, "na joto bado iko." Nikaongeza dawa ya kuzuia mwasho. Pia nikamwombea kwa daktari vidonge vya usingizi. Vilimlaza kweli. Lakini asubuhi aliamka miguu haimtii, akaanguka na ndoo ya maziwa, akapasuka goti. Nilimfunga bandeji. Bandeji nilizijua.

Sasa ngoja niwaambie kwa nini sikumuuliza maswali. Alikuwa mwanamke mkubwa kuliko mimi, nami nilikuwa mwanamume wa miaka thelathini niliyelelewa kutojua mambo ya akina mama. Kwetu ungepita mbali na wanawake wakizungumza hayo. Kwa hiyo nilimuuliza kuhusu kichwa na miguu, nikaruka kila kitu kilichokuwa katikati. Niliita hiyo heshima. Ilikuwa woga.

Mara ya nne alikuja mwezi wa saba. Mnaoishi Eldoret mnaijua Julai: ukungu hadi saa nne, mvua baada ya chakula cha mchana, watu wamevaa makoti mawili mawili. Benchi zima lilikuwa limejikunyata. Mama Njoroge peke yake alikuwa amevua sweta, amelegeza kitambaa cha kichwa, anajipepea kwa kadi ya hospitali, na jasho linamtiririka kidevuni.

Sista Rasoa alikuwa akipita na trei ya sindano. Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wa wauguzi, mama wa Kiluhya mwenye sauti ya chini na hatua fupi, ambaye hakuwahi kunipigia kelele hata siku moja na bado nilimwogopa kuliko daktari. Aliweka trei chini.

"Mama, hiyo joto imeanzia wapi?"

Mama Njoroge aliweka mkono kifuani, chini ya koo. "Hapa. Inapanda shingoni, inakuja kwa uso. Kama mtu amefungua mlango wa jiko."

"Inakaa muda gani?"

"Dakika kidogo. Tano. Halafu jasho, halafu baridi."

"Na inakuja mara ngapi?"

"Mchana sihesabu. Nikilala inaniamsha mara nne, mara tano. Sijalala usingizi mmoja tangu nitoke kupasuliwa, Sista."

Sista aligeuka kwangu. "Koros, leta themomita. Mpime sasa hivi, ikiwa bado inamchoma."

Nikampima. Uso ulikuwa mwekundu, mgongo umelowa. Zebaki ilisimama pale inaposimama kwa mtu mzima mwenye afya. Nilitikisa themomita, nikapima tena. Vilevile.

"Malaria inaanza na baridi," Sista alisema polepole, kama anayefundisha mtoto kuhesabu. "Mtu anatetemeka kwanza. Kisha homa, na homa hiyo inakaa saa nyingi, na themomita inaiona. Hii inaanzia kifuani, inapanda, inapita. Themomita haina habari. Ulipima damu?"

Sikuwa nimepima. Tulipima siku hiyo, na hakukuwa na mdudu hata mmoja. Sista akamuuliza pia kama anakohoa, kama amepungua mwili, maana jasho la kulowesha shuka linaweza kuwa kifua kikuu, na hilo msilisahau nyinyi. Hakukohoa.

"Mwezi wako ulikoma lini?"

Niliangalia dirishani. Mama Njoroge alijibu bila kuniangalia. "Tangu kupasuliwa haujarudi. Nilifikiri ni udhaifu. Na mshono wa tumboni nilifikiri walikuwa wanatafuta kama ugonjwa umeshuka huko."

"Barua iko wapi?"

Sista alisoma ukurasa wa kwanza, akageuza. Kisha alinipa mimi, kidole kikiwa kwenye mstari. Ukurasa wa pili ulisema kwamba katika upasuaji uleule ovari zote mbili, yaani vile vifuko vya mayai ya uzazi, ziliondolewa. Ndivyo walivyofanya wakati ule kwa wanawake ambao bado walikuwa wanapata mwezi, kwa sababu kuna saratani ya titi inayolishwa na homoni zinazotoka huko. Kinachomtokea mwanamke wa kawaida polepole, kwa miaka, yeye kilimtokea kwa siku moja akiwa usingizini.

"Nani atamwambia?" nilinong'ona.

"Wewe," alisema Sista. "Karatasi ilikuwa mkononi mwako kabla ya kuja mkononi mwangu. Utamsomea. Na umwite mumewe, anangoja nje."

Baba Njoroge aliingia na kofia mkononi. Alikuwa mtu mpole, wa maneno machache. Tuliingia kile chumba kidogo cha kuchoma sindano, nikasoma mstari kwa mstari nikiugeuza Kiswahili, nikijikwaa. Nilipofika kwenye ovari nilitafuta neno la adabu, nikakosa, nikasema hivyo hivyo ilivyo.

Mama Njoroge hakulia. Alimwangalia mumewe.

"Ulijua?"

Baba Njoroge alizungusha kofia. "Niliweka sahihi. Waliniambia ndiyo njia ya wewe kupona. Nilifikiri nikikwambia utakataa."

"Miezi yote hii nakwambia mwili unawaka. Na wewe unanunua neti ya mbu."

"Sikujua kama ni hiyo inaleta joto. Haki ya Mungu, hiyo sikujua."

Mama Njoroge alinigeukia mimi. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Kwa hivyo hii joto si ule ugonjwa umerudi?"

"Hapana, Mama."

"Si saratani inanichoma ndani?"

"Hapana. Ni mwili umekata mwezi ghafla. Ni mateso, lakini haiui."

Hapo ndipo alipolia. Nilifahamu kwamba kwa miezi yote ile niliyokuwa nikimpa klorokwini, yeye alikuwa akilala macho akijiona anakufa. Na hakuwa peke yake kuona hivyo. Shemeji yake, Gitau, alikuwa ameanza kusema kwa watu wa shamba kwamba mke wa kaka yake hatafika mwisho wa mwaka, kwamba anatembea uani gizani akiongea peke yake, kwamba akili inamtoka. Hayo hayakuwa maneno ya bure. Mpima ardhi alikuwa anamaliza kukata shamba, na siku ya kura ilikuwa inakaribia. Kila mwanachama angevuta namba yake kutoka kwenye debe, na namba ile ingekuwa shamba lake. Gitau alitaka kuvuta badala yake, aandikwe yeye, "ili ardhi ibaki kwa familia."

"Nilikuwa nimekubali," Mama Njoroge alisema akijifuta. "Jumapili nilimwambia sawa. Maiti atalima nini?"

Sista Rasoa alikuwa mlangoni. "Sasa mwambie si sawa," alisema. "Na keshokutwa uje, tuanze kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo ndogo, na nitawatajia kwa sababu haijazeeka. Kwanza Sista alimwambia avue ile petikoti ya nailoni. Nailoni ilikuwa fasheni, kila mwanamke alikuwa nayo, na ilishika joto kama sufuria yenye kifuniko. Akamshonesha gauni la kulalia la pamba, kitambaa cha marekani. Akamkataza blanketi moja zito. Eldoret huwezi kulala bila kujifunika, lakini blanketi zito ukilitupa unaganda na ukilirudisha unaungua. Akachukua mawili mepesi, ili atoe moja na kubaki na lingine. Chai ya majani iishe saa kumi jioni, na pilipili asiiguse usiku. Beseni la maji na kitambaa karibu na kitanda. Na mume apate blanketi lake.

"Nafukuzwa?" aliuliza Baba Njoroge.

"Unahamishwa," Sista akamwambia. "Kitanda ni kilekile."

Kuhusu usingizi alikuwa mkali zaidi. Vile vidonge nilivyomtafutia aliviondoa kidogo kidogo, maana kuviacha ghafla ni hatari. Akamwambia asilale mchana hata akichoka namna gani, aamke saa ileile kila asubuhi, na joto likimwamsha asibaki kitandani akipigana nalo. Aketi, apumue polepole, ajifute, angoje macho yawe mazito ndipo arudi. "Ukilala hapo unakasirika," alisema, "unakifundisha kitanda kuwa mahali pa hasira."

Mimi kazi yangu ilikuwa daftari. Kila Alhamisi alikuja, nami nikaandika: joto mara ngapi, alikula nini, alivaa nini, aliamka mara ngapi. Wiki ya kwanza niliuliza nikiwa nimeinamia kalamu. Wiki ya tatu nilianza kumwangalia usoni. Tuligundua mambo ambayo Sista mwenyewe hakuyajua, kwa mfano kwamba joto lilikuja haraka zaidi siku alizogombana na Gitau.

Halafu siku moja alikuja na chupa ndogo ya vidonge. Mtu sokoni alimwambia vinarudisha mwezi na ujana. Nilikuwa tayari kumruhusu, nawaambia ukweli. Mama wa watu anateseka, dawa hii hapa. Sista aliisoma lebo, akaifunga chupa.

"Hii ni homoni. Walitoa ovari ili kuunyima ugonjwa chakula. Mama, unataka kuulisha tena?"

Mama Njoroge aliitazama chupa ile kama mtu anayetazama mlango wa kutokea unafungwa. "Basi nibaki hivi?"

"Itapungua. Sitakudanganya, inaweza kuchukua miaka. Lakini itapungua."

Leo madaktari wana dawa nyingine ambazo sisi hatukuwa nazo, na mgonjwa wenu akiteseka msimwache na beseni la maji peke yake, mpelekeni akaulize. Lakini msimpe kitu chochote kabla hamjajua saratani yake ilikuwa ya namna gani.

Jambo moja hatukulitibu. Katika watoto wake wanne, msichana alikuwa mmoja tu, na alipewa jina la mama yake Baba Njoroge, kama ilivyo desturi yao. Msichana wa pili ndiye angebeba jina la mama mzazi wa Tabitha, na kwao mwenye jina huhesabiwa kuwa amerudi. Aliniambia hivyo Alhamisi moja, daftari likiwa wazi mbele yangu. "Mama yangu hatarudi nyumbani kwangu." Niliweka kalamu chini tukakaa.

Siku ya kura nilikwenda. Nilisema nakwenda kuangalia vidonda vya mzee mmoja wa Yamumbi, na kweli mzee alikuwepo na vidonda vilikuwepo, lakini vingengoja. Watu walikuwa wamekusanyika mbele ya nyumba ya zamani ya mzungu, karani ameketi mezani na kitabu cha majina, na debe juu ya kiti. Gitau alikuwa mbele, suti na tai. Mama Njoroge alisimama kwenye mstari na wanaume, sweta limefungwa hadi shingoni.

Karani aliita jina lake. Alipiga hatua mbili, na nikaona uso unabadilika. Nililijua joto lile kama ninavyojua mlango wangu. Lilipanda shingoni, likafika kwenye paji, jasho likaanza.

"Mnaona?" Gitau alisema, si kwa sauti kubwa, kwa sauti ya huruma, ambayo ni mbaya zaidi. "Shemeji ni mgonjwa. Bwana karani, nimtolee mimi aende akapumzike."

Karani alikuwa kijana asiyejua afanye nini. Aliinua kalamu. Wazee walianza kunong'ona. Mimi nilitaka kusema kitu, lakini mimi ni nani pale, mtu wa Cheptiret kwenye kura ya watu wengine?

Mama Njoroge alifungua vifungo vya sweta, kimoja kimoja. Akalivua, akalikunja, akampa mumewe alishike. Akatoa leso kifuani, akajifuta uso na shingo mbele ya watu wote, bila haraka.

"Sina homa," alisema. "Nilikatwa titi, na nikakatwa kizazi. Kwa hivyo napata joto. Linakaa dakika tano. Wale mama zenu mnaowaona wakijipepea kanisani wanalo hilihili, ila wao lilikuja na adabu." Mwanamke mmoja nyuma akacheka, kisha wawili. "Karani, weka kalamu chini. Nangoja lipite, kisha nitavuta namba yangu."

Gitau alimgeukia kaka yake. "Mwambie mke wako."

Baba Njoroge, mtu wa maneno machache, alikumbatia lile sweta. "Amesema dakika tano," alijibu.

Wakangoja. Wanaume zaidi ya mia wenye ng'ombe wa kukamua na mabasi ya kuwahi walisimama kimya kumngoja mwanamke akauke jasho. Alipomaliza alivaa sweta, akatia mkono ndani ya debe, akatoa karatasi, akaisoma mwenyewe kwa sauti. Karani akaandika. Shamba lilikuwa kwenye mteremko, mawe mengi upande wa chini. Alilichukua hivyo hivyo, na mwaka uliofuata nilinunua kabichi zake.

Joto halikuisha mwaka ule, wala wa pili. Daftari linaonyesha lilivyopungua, mara tano kwa usiku zikawa mbili, kisha usiku mwingine hakuna, kisha linarudi. Kulala alilala, si kama zamani, lakini vya kutosha mtu anayelima. Na mimi niliacha kutambua magonjwa kutoka mlangoni. Nilianza kugeuza kila karatasi, hata ile ambayo nyuma ni nyeupe.

Miaka kadhaa baadaye, Sista Rasoa akiwa ameshastaafu na kurudi kwao, Mama Njoroge aliingia chumbani kwangu akimshika mkono mwanamke mdogo niliyekuwa simjui. Alikuwa amepasuliwa majuzi, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Nilivuta kiti, nikachukua daftari jipya, nikamwangalia usoni kama nilivyofundishwa.

"Mama, hiyo joto inaanzia wapi?"

Yule mwanamke aliinama, akatazama miguu yake.

Mama Njoroge alinigusa bega. "Koros, unauliza vizuri sana siku hizi," alisema. "Sasa toka nje kidogo."

Nikatoka. Nilisimama kwenye varanda na daftari langu tupu, foleni yote inaniangalia. Kisha nikasikia mtu analia mle ndani, na baadaye kidogo, wanawake wawili wanacheka.